Betri ya Gari Imekufa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hakuna kifaa cha gari kinachosingiziwa kama betri. Gari limegoma asubuhi, mwenye gari ananunua betri mpya, na baada ya wiki mbili yuko palepale, kwa sababu kilichoiua ile ya kwanza bado kipo. Majibu haya yanahusu magari madogo ya volti 12, hasa ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yametumika: IST, Vitz, Probox, Fielder, Noah na wenzao. Andaa spana namba 10 na mita ya umeme ya kawaida, kama ile inayotumiwa na mafundi redio.

Nazungusha ufunguo, gari haliwaki. Nitajuaje kama tatizo ni betri?

Anza na masikio kabla ya kushika spana.

Ukisikia tik-tik-tik-tik ya harakaharaka na taa za dashibodi zinafifia, betri imeisha moto au terminali zimelegea. Stata ikizunguka kivivu, rrr… rrr… kisha ikanyamaza, maana yake ni hiyohiyo.

Ukisikia "ko!" moja tu, na taa kubwa zimebaki na ukali wake uleule, ielekee stata. Mara nyingi ni brashi zake au sehemu za shaba za selenoidi (swichi kubwa ya umeme ya stata) zimelika.

Kukiwa kimya kabisa huku taa zinawaka vizuri, hamisha gia kutoka P uweke N ujaribu tena. Swichi ya gia ikichoka hukata umeme wa stata. Baada ya hapo angalia fyuzi na rilei ya stata. Kukiwa kimya na taa nazo hazipo, fungua boneti: betri imekauka moto kabisa, terminali imechomoka, au fyuzi kuu imeungua.

Na kama injini inazunguka kwa nguvu zake zote ila haishiki, achana na betri. Hilo ni la mafuta, plagi au immobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi).

Betri nzima inasoma volti ngapi?

Pima gari likiwa limelala usiku kucha, au angalau saa mbili baada ya kuzima injini. Ukipima mara tu baada ya kuzima utapata namba ya uongo, kwa sababu chaji ya juujuu bado haijatulia. Kama huna muda wa kusubiri, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika moja, ndipo upime.

12.6 hadi 12.7: imejaa.
12.4: imebaki kama robo tatu.
12.2: nusu.
12.0: robo.
Chini ya 11.9: haina kitu.

Ikisoma karibu na 10.5, na hata ukiichaji inarudi palepale, chumba kimoja kimekufa. Betri ina vyumba 6, kila kimoja volti 2.1 hivi, kimoja kikipiga shoti ndani unabaki na vitano. Hiyo haitengenezeki.

Lakini volti za betri iliyotulia hazitoshi kukupa jibu. Betri iliyochakaa inaweza kusoma 12.6 ikiwa haina kazi, kisha ikaanguka mara tu stata inapoidai. Kwa hiyo mwambie mtu azungushe ufunguo huku macho yako yakiwa kwenye mita. Stata inapozunguka, namba isishuke chini ya 9.6. Ikiporomoka hadi 8 au 7 na betri ilikuwa imejaa, betri imechoka. Ikiporomoka na betri haikuwa imejaa, ichaji kwanza ndipo uihukumu. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka, na wanatupa betri nzima.

Mita inasoma 12.5 na bado naletewa tik-tik. Kwa nini?

Umeme upo, ila haufiki. Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100, na umeme mwingi kiasi hicho hauvumilii mguso mbovu. Taa ya dashibodi inaridhika na uzi mmoja wa waya, stata hairidhiki.

Pima hivi. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja ya mita iguse ncha yenyewe ya betri, ile risasi inayochomoza juu. Ncha ya pili iguse terminali, yaani chuma kinachoibana. Mtu azungushe ufunguo. Mita ibaki karibu na sifuri, isizidi 0.2. Ukiona 1 au 2, umeme unapotelea hapo, katikati ya vyuma viwili ambavyo kwa macho vinaonekana vimeshikana. Rudia upande wa pili. Kisha, ufunguo ukizungushwa vilevile, pima kati ya ncha hasi ya betri na bloku ya injini: ikizidi 0.3, waya wa ethi (unaotoka hasi kwenda kwenye injini na bodi) umelika au boliti yake ina kutu chini ya rangi.

Kabla ya yote hayo, shika terminali kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, hata kidogo, umeshapata mchawi wako.

Terminali zina unga mweupe au wa kijani. Nausafishaje?

Huo unga unatokana na mvuke wa asidi unaotoka kwenye betri na kula chuma. Chomoa terminali hasi kwanza, kisha chanya. Mpangilio huu una sababu yake: spana ikiwa kwenye chanya ikagusa bodi wakati hasi bado imefungwa, unapata shoti inayoweza kuunguza mkono na kuyeyusha spana.

Changanya kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina kidogokidogo juu ya unga. Itatoa povu, likiisha, asidi imeisha. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, maana soda ikiingia ndani inaharibu asidi. Suuza, kausha, sugua ncha na ndani ya terminali kwa msasa mpaka uone chuma kinang'aa. Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi baada ya kukaza, isiwe kabla.

Kama terminali imepanuka na haibani tena, nunua nyingine. Vile vipande vya mkebe vinavyopachikwa kuziba nafasi hushika vizuri leo, na mwezi ujao vinakuacha barabarani.

Jinsi gani naazima moto kwenye gari lingine bila kuharibu kitu?

Magari yote mawili yawe ya volti 12, yamezimwa, hayagusani, gia ziko P au N na handibreki juu. Vua pete na saa ya chuma. Kama betri iliyokufa imevimba, imepasuka au inanuka mayai viza, usiiunganishe kabisa.

1. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
2. Upande wa pili wa mwekundu kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Upande wa mwisho wa mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.

Hatua ya nne ndiyo inayodharauliwa. Mguso wa mwisho hutoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Cheche ikitokea juu ya betri, kifuniko kinaweza kuruka na asidi ikaja usoni. Asidi ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka si chini ya dakika 15, halafu nenda hospitali.

Washa gari zima, liache lingurume dakika 5 hadi 10, kisha jaribu lililokufa. Zungusha stata sekunde zisizozidi 10, pumzika dakika moja, rudia. Likiwaka, chomoa kwa kurudi kinyumenyume: anza na kile ulichofunga mwisho.

Likigoma, gusa nyaya zenyewe. Nyaya nyingi za bei rahisi ni plastiki nene yenye shaba kiduchu ndani. Zikipata moto mkononi hazipitishi cha kutosha. Kwa gari dogo la petroli tafuta zenye shaba ya milimita 16 za mraba au zaidi. Kwa dizeli, 25 kwenda juu.

Naweza kuazima moto kwenye lori?

Malori mengi na baadhi ya Land Cruiser za dizeli hutumia volti 24. Ukiingiza volti 24 kwenye IST, kinachofuata ni kununua kompyuta ya injini. Ukiona betri mbili, usidhani. Uliza au pima.

Kusukuma je?

Gari la gia za mkono, ndiyo: washa swichi, weka gia ya pili, kanyaga klachi, likipata mwendo achia klachi ghafla. Gia ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata mkusanye mtaa mzima. Na hata lenye gia za mkono, kama betri imekauka kabisa, pampu ya mafuta na kompyuta hazina umeme wa kuanzia, kwa hiyo mtatoka jasho bure.

Limewaka. Niliendeshe muda gani ili betri ijae?

Dakika 20 za foleni hazijazi betri. Alteneta kazi yake ni kurudisha kile stata ilichotumia na kuhudumia gari likiwa linatembea, na injini ikiwa sailensa (inanguruma polepole bila kukanyagwa mafuta) huku feni, taa na redio vinafanya kazi, kinachobaki kwenda kwenye betri ni kidogo. Betri iliyokauka inahitaji chaja.

Kanuni ya kuchaji: ampea zisizidi sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri ya Ah 45 (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri) ichajiwe kwa ampea 4 hadi 5, saa 10 hadi 12. Ukiona fundi anaipiga ampea 30 ili uondoke baada ya saa moja, jua betri inachemka: sahani zinapinda, unga wake unamwagika chini, na maisha yake yanakatika. Chajia mahali penye hewa, si chumba cha kulala. Ikipata moto kiasi cha kushindwa kuiwekea kiganja, zima.

Na usiiache betri iliyoisha ikae hivyo wiki kadhaa. Salfeti ya risasi iliyo kwenye sahani huganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi tena. Gari lililoegeshwa miezi mitatu wakati mwenyewe yuko safarini hufia hapo hasa.

Nitajuaje kama alteneta inachaji?

Washa injini, weka mita kwenye ncha za betri. Inatakiwa isome 13.8 hadi 14.7. Washa taa kubwa, feni na kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu, panda hadi mizunguko 2,000: isishuke chini ya 13.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, hakuna chaji. Angalia fenibelti kabla ya kulaumu alteneta, hasa kama inapiga kelele asubuhi au siku ya mvua. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) imekufa na betri inachemshwa: maji yanakwisha haraka, pembeni kunalowa, na balbu zinaungua ovyo.

Baadhi ya magari mapya hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo ukiona 12.8 kwenye gari la namna hiyo, washa taa kubwa kwanza uone kama itapanda.

Fundi alichomoa terminali injini ikiunguruma, gari halikuzima, akasema alteneta ni nzima. Ni sahihi?

Hapana, na usimruhusu arudie. Kipimo hicho ni cha enzi za kabureta. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa ya kawaida kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sehemu hiyo ndogo inatosha kuua daiodi za alteneta, redio au kompyuta ya injini. Mita inakupa jibu lilelile bila hatari yoyote.

Betri mpya, alteneta nzima, lakini gari likilala siku mbili haliwaki.

Kuna kitu kinanyonya usiku. Kila gari hunyonya kidogo, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ikiwa ni 350, hiyo ni zaidi ya Ah 8 kwa siku. Betri ya NS40, ya magari madogo, ina Ah 35 hivi. Hesabu mwenyewe.

Kupima: fungua boneti, acha dirisha la dereva wazi, zima kila kitu, toa ufunguo na uupeleke mbali kama ni wa kielektroniki. Kama utahitaji mlango wazi ili kufikia fyuzi za ndani, sukuma kitasa cha kufuli lake kwa bisibisi kijifunge, gari lidhani mlango umefungwa. Chomoa terminali hasi. Weka mita kwenye ampea 10, na waya wake mwekundu kwenye tundu la 10A, si lile la volti. Ncha moja ya mita kwenye terminali uliyochomoa, nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Usiwashe gari wala taa mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Sasa subiri. Mwanzoni itasoma ampea nzima au zaidi kwa sababu kompyuta bado ziko macho. Dakika 30, wakati mwingine saa moja, ndipo zinalala. Anayepima dakika mbili na kutangaza kwamba gari linanyonya hajapima kitu.

Ikibaki juu, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine ukiitazama mita. Fyuzi itakayoishusha namba ndiyo njia ya mwizi. Wanaojirudia ni hawa: taa ya buti isiyozima, redio iliyofungwa mtaani waya zake zote mbili za chanya, wa kumbukumbu na wa swichi, zikiwa zimeunganishwa moja kwa moja kwenye betri, alamu ya kuongezewa, amplifaya ya muziki, na kifaa cha kufuatilia gari ambacho benki au mkopeshaji alikifunga na wewe ukakisahau. Hivi vya kuongezewa mara nyingi havipiti kwenye sanduku la fyuzi, kwa hiyo fyuzi zote zikiisha na namba bado iko juu, fuata nyaya nyembamba zinazotoka kwenye chanya ya betri.

Zikishindikana hizo pia, mtuhumiwa ni alteneta yenyewe. Daiodi ikivuja, umeme hurudi nyuma gari likiwa limezimwa, hata kama mchana inachaji vizuri tu. Ukigusa alteneta asubuhi, gari lililolala usiku mzima, ukakuta ina uvuguvugu, jibu umelishika.

Niongeze maji au asidi?

Maji yaliyosafishwa, peke yake. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaifanya iwe kali kupita kiasi na inakula sahani. Ugumu uko dukani: jina "maji ya betri" linabandikwa kwenye chupa za aina zote mbili. Soma lebo, na ukiona neno asidi au salfyuriki, rudisha. Maji ya kunywa ya chupa na ya bomba yana madini; usiyatumie.

Jaza hadi mstari wa juu, au milimita 10 hivi juu ya sahani. Ongeza baada ya kuchaji, kwa kuwa kimiminika hupanda wakati wa chaji. Kama sahani ziko wazi, zifunike kidogo kwanza, chaji, kisha malizia.

Mwenye haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) apime kila chumba: 1.265 hadi 1.280 ni chaji kamili kwa betri nyingi. Vyumba vikitofautiana kwa 0.050 au zaidi, betri inaelekea makaburini.

Hapa kwetu betri inadumu muda gani?

Miaka 2 hadi 4 kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa; huko baridi kama Njombe au Limuru inaweza kuzidi. Watu hudhani baridi ndiyo adui. Baridi hufichua betri iliyochoka, lakini kinachoichosha ni joto, linaloharakisha kulika kwa sahani na kukauka kwa maji. Kile kifuniko au ngao ya plastiki iliyokuja na gari ikiikinga betri na joto la injini, irudishe.

Ninunue betri ya namba gani?

Ile iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, mradi aliyetangulia hakubahatisha. Chukua 46B24L, inayoitwa pia NS60L. 46 ni daraja la nguvu. B ni kundi la upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande wa ncha. Simama kwenye ubavu mfupi ulio karibu na chanya: chanya ikiwa kushoto kwako ni L, kulia ni R. Ukikosea herufi hiyo, waya haufiki, na fundi atauvuta mpaka uguse boneti. Ikiwa na S mwishoni, ncha zake ni nene. Terminali nyembamba hazitaingia bila kuchongwa, na zikichongwa ndiyo basi tena.

36B20L ndiyo NS40ZL, ya magari madogo. 65D26L ndiyo NS70L. Daraja kubwa zaidi kwa umbo lilelile halina madhara.

Ipime dukani mbele ya muuzaji. Chini ya 12.4, imekaa rafuni sana, omba nyingine.

Betri "iliyofufuliwa" ni ya kuaminika?

Humwagwa asidi ya zamani, ikatiwa mpya, ikachajiwa. Itasoma 12.7 vizuri kabisa siku ya kuuziwa. Sahani zilizolika hazijarudi, ndiyo maana warantii yake huisha ukivuka barabara.

Nikichomoa betri, redio itafunga?

Redio nyingi za Toyota kutoka Japani huomba msimbo wa ERC (namba ya siri ya kuifungua redio) zikikosa umeme, na msimbo huo kwa kawaida ulibaki kwa mwenye gari wa kwanza. Kama redio inafanya kazi na unaipenda, mwambie fundi aunganishe betri ya pembeni kwenye nyaya kabla ya kuchomoa. Vioo vya umeme vinaweza kupoteza kujipandisha vyenyewe, na sailensa ikayumba siku ya kwanza, hayo hutulia.

Prius yangu haiamki. Ni ile betri kubwa?

Pengine ni ndogo. Prius nyingi zina betri ya volti 12 nyuma, na kazi yake ni kuamsha kompyuta tu, haizungushi injini. Ikifa, gari zima linakuwa jiwe huku betri kubwa ikiwa nzima. Chini ya boneti, kwenye sanduku la fyuzi, kuna kituo cha chanya cha kuazimia moto. Prius yako isitumike kuwaazima wengine moto. Mfumo wake haukuundwa kuhudumia stata. Na ukinunua nyingine, iwe na tundu la bomba la kutolea gesi nje, kwa sababu inakaa ndani ya gari mnamokaa watu.

Betri ya zamani niifanyeje?

Wauzaji wengi wa betri huichukua na kukupunguzia bei ya mpya, maana risasi ina soko. Usimwage asidi shambani wala mtaroni, na usimuuzie anayeyeyusha risasi uani. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kando ya nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ibebe ikiwa imesimama wima, ndani ya beseni la plastiki, na nguo utakazovaa zisiwe za kanisani.